Uraia wa Uingereza ukikataliwa: ndugu yako aombe tena namna gani?

Familia nyingi za Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika ziko na mtu kule Uingereza. Wengine walifika wenyewe na kuomba ukimbizi. Wengine walichukuliwa katika kambi za inchi jirani na programu iliyoitwa Gateway, ambayo Uingereza iliendesha pamoja na HCR kuanzia 2004 mpaka 2020. Hao walipelekwa katika miji kama Sheffield, Hull, Manchester, Bolton na Norwich. Leo watu hao wanafanya kazi, wanalipa nyumba, watoto wao wanasoma kule, na wengi wameomba kuwa raia.

Halafu siku moja barua inakuja: ombi limekataliwa. Huku nyumbani habari inafika ikiwa imegeuka. Mmoja anasema watamrudisha Kongo. Mwingine anasema ni sherti angoje miaka kumi. Wa tatu anajua mtu ambaye, akipewa dola 500, atapanga yote. Mengi ya maneno hayo siyo kweli. Katika makala haya tunaeleza barua ile maana yake ni nini, ndugu yako anaweza kufanya nini, na sisi tulio hapa tuepuke nini.

Kukataliwa uraia siyo kufukuzwa

Tuanze na hofu kubwa. Mtu mzima anayeomba uraia kule, karibu kila mara amekwisha kupata ruhusa ya kukaa bila mwisho. Ruhusa hiyo ni karatasi nyingine, na ombi lingine. Uraia ukikataliwa, ruhusa ile inabaki. Mtu anaendelea kufanya kazi, kupanga nyumba, kujitibisha na kusomesha watoto kama jana.

Ruhusa ile inaweza kupotea kwa njia zingine. Kwa mfano, mtu akikaa inje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo, kwa kawaida inaanguka. Ao wakigundua kwamba aliipata kwa uongo, wanaweza kufungua upya dosie yote. Lakini barua ya kukatalia uraia peke yake haimtoi mtu katika inchi.

Kitu cha pili: hakuna sheria inayosema mtu angoje miaka fulani mbele ya kuomba tena. Anaweza kuomba hata kesho. Swali ni kama sababu ya kukataliwa ingali pale. Kama ingali pale, ombi la pili litaanguka kama la kwanza, na feza itapotea tena.

Feza yenyewe siyo kidogo. Kwa bei iliyoanza tarehe 9 Aprili 2025, ombi la mtu mzima lilikuwa paundi 1.605, pamoja na paundi 130 za sherehe ya kuapa. Jumla ilikuwa paundi 1.735, zaidi ya dola 2.000. Ombi likikataliwa, wanarudisha zile za sherehe tu. Zingine zimekwenda. Na bei inapanda mara kwa mara, kwa hiyo mtu aangalie bei ya siku ile anaomba, asiamini bei ya mwaka uliopita. Kwa mtu mzima hakuna kusamehewa malipo, hata kama ni maskini.

Sheria inaomba nini

Uraia huu unatolewa kwa sheria ya 1981 juu ya uraia wa Uingereza, iliyoanza kutumika Januari 1983. Anayeamua ni wizara ya mambo ya ndani, ile ndugu zetu wanaita Home Office. Mambo makubwa wanayoangalia ni haya:

– Awe na miaka 18 ao zaidi.
– Awe ameishi Uingereza miaka 5. Kama ameoa ao ameolewa na raia wa Uingereza, ni miaka 3.
– Katika miaka 5 hiyo asiwe amekaa inje zaidi ya siku 450. Kwa miaka 3, zisipite 270. Na kwa wote wawili, katika miezi 12 ya mwisho zisipite 90.
– Awe na ruhusa ya kukaa bila mwisho. Yule asiye na bwana ao bibi Mwingereza ni sherti awe amekuwa nayo kwa miezi 12 nzima mbele ya kuomba.
– Ajue Kiingereza kwa kiwango wanachoita B1, na ashinde mtihani juu ya maisha ya Uingereza.
– Awe na tabia njema.

Karibu kila barua ya kukatalia inashika moja ya mambo hayo, ao inasema kwamba karatasi hazikutosha kuyahakikisha. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kusoma barua polepole, neno kwa neno, pamoja na mtu anayejua Kiingereza vizuri. Ukijua ni sharti gani lilianguka, unajua pia kama inafaa kungoja mwezi mmoja, mwaka mmoja, ao kutafuta avoka kwanza.

Kosa la siku: jepesi kurekebisha

Wengi wanakataliwa juu ya safari. Mkimbizi wa Kongo hawezi kuja Goma ao Uvira na titre de voyage yake bila kujitia matatani. Kwa hiyo anapanga kukutana na wazazi Kampala, Kigali ao Bujumbura, ama anakwenda kuona ndugu katika kambi ya Nakivale ao Kyangwali. Anakuja kwa mwezi mmoja, mama anagonjwa, kilio kinafuata, na mwezi mmoja unakuwa mine.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anatoka Uingereza tarehe 1 Juni 2023 na kurudi tarehe 9 Oktoba 2023. Siku ya kutoka na siku ya kurudi hazihesabiwi, wanahesabu tu siku nzima alizokosa. Ni siku 29 za Juni, 31 za Julai, 31 za Agosti, 30 za Septemba na 8 za Oktoba. Jumla 129. Akiomba uraia tarehe 10 Machi 2024, siku zote 129 ziko ndani ya miezi 12 ya mwisho. Amepita 90, anakataliwa.

Sasa angalia. Dirisha la miezi 12 linatembea pamoja na tarehe ya ombi. Kama angeomba tarehe 10 Julai 2024, dirisha lingeanza tarehe 11 Julai 2023. Siku za mbele ya hapo zingetoka katika hesabu, na zingebaki 90 kamili. Miezi mine tu ya kungoja ingemwokolea zaidi ya paundi elfu moja. Na kama barua ya kukatalia ilimfikia Septemba 2024, siku ile ile alikuwa amekwisha kutimiza sharti hilo. Hakuwa na haja ya kungoja mwaka.

Afisa ana nafasi kidogo ya kuachilia. Kwa kawaida wanafumba macho kama jumla ya miaka 5 haikupita siku 480, ao kama mwaka wa mwisho haukupita siku 100, ikiwa mambo mengine yote ni sawa. Juu ya hapo wanataka sababu nzito na alama kwamba maisha ya mtu yako kule: nyumba, kazi, bwana ao bibi, watoto. Lakini mtu mwenye busara haombi akiwa na siku 89. Anaacha nafasi, kwa kuwa muhuri mmoja wa mpaka unaweza kubadili hesabu.

Kuna pia wale wanaoomba mapema mno. Mkimbizi aliyepewa miaka 5, kisha ruhusa ya kukaa bila mwisho, anafikiri anaweza kuomba uraia wiki ile ile. Ni sherti angoje miezi 12, isipokuwa kama ameoa ao ameolewa na raia wa Uingereza. Dawa yake pia ni kalenda.

Mtihani na lugha

Waliofika kwa Gateway walipewa ruhusa ya kukaa bila mwisho tangu mwanzo, bila mtihani. Hilo lilikuwa baraka, lakini wengi hawakujua kwamba kwa uraia mtihani unawangoja. Wale wengine waliopita kwa kuomba ukimbizi wanakuta mlango huo huo.

Mtihani juu ya maisha ya Uingereza ni maswali 24 kwa dakika 45, kwenye kompyuta, kwa paundi 50. Unashinda ukipata 18. Ukishindwa unaweza kurudia, lakini unalipa tena. Ukishinda, matokeo hayaozi. Mtu aliyekataliwa kwa sababu nyingine hana haja ya kuurudia.

Mwenye miaka 65 ao zaidi hafanyi mtihani huo, wala hahakikishi Kiingereza. Mtu mwenye ugonjwa ao ulemavu wa muda mrefu unaomzuia kujifunza anaweza kusamehewa, lakini ni sherti munganga aeleze wazi ugonjwa ule unamzuia namna gani. Cheti kinachosema tu kwamba mama ana presha ao kisukari hakitoshi. Mama zetu wengi ambao hawakupata shule hapa wanaanguka kwenye sehemu hiyo. Kutojua kusoma siyo ugonjwa mbele ya sheria ile. Kwao njia ni masomo ya lugha, hata kama ni miaka miwili, ao kungoja kufikisha 65.

Tabia njema: hapa ndipo pagumu

Maneno "tabia njema" hayaelezwi ndani ya sheria yenyewe. Wizara imeandika muongozo kwa maafisa wake, na muongozo ule unabadilika. Mambo makubwa ni haya.

Hukumu. Mtu aliyefungwa miezi 12 ao zaidi, kwa kawaida anakataliwa, hata kama ni zamani. Kwa hukumu ndogo wanapima uzito, muda uliopita na maisha ya mtu tangu siku ile. Wengi hawajui kwamba hukumu ambayo kwa kazi ao kwa benki inahesabiwa kuwa imezeeka, kwa uraia haizeeki. Ni sherti kuitaja. Vilevile ile ya inje ya Uingereza, na hata onyo rasmi la polisi. Kuendesha gari bila asiransi kunaweza kuwa hukumu. Amende ndogo ya barabarani iliyolipwa kwa wakati, kwa kawaida haileti shida peke yake.

Kodi na madeni. Wanaweza kuuliza kama unalipa kodi ya mapato na kodi ya komine unakoishi. Mtu anayejifanyia kazi yake mwenyewe, kwa mfano dereva ao fundi, na kutangaza mapato tofauti kwa ofisi mbili, anajitafutia shida. Deni la hospitali pia linaangaliwa.

Uongo. Hii ndiyo inaangusha watu vibaya zaidi. Kama wanaona kwamba mtu alidanganya ofisi ya serikali katika miaka 10 iliyopita, kwa kawaida wanakataa. Na uongo unaweza kuwa juu ya ombi la uraia lenyewe: kuficha hukumu ndogo ambayo ingesamehewa, na sasa kuficha kule kunakuwa kosa kubwa kuliko hukumu.

Njia ya kuingia. Hapa kuna mabadiliko mazito. Kwa maombi yaliyopelekwa tangu tarehe 10 Februari 2025, mtu aliyeingia Uingereza bila ruhusa, kwa kawaida atakataliwa uraia, hata kama ni miaka mingi imepita. Vilevile yule aliyefika bila ruhusa kwa safari ya hatari, kama kuvuka bahari ndani ya mtumbwi ao kujificha ndani ya lori. Zamani walikuwa wanaangalia miaka 10 tu. Afisa anaweza bado kutazama hali ya pekee, kwa mfano mtu aliyeingia akiwa mtoto. Lakini mtu aliyekataliwa kwa sababu hiyo, akirudisha ombi lile lile bila kitu kipya na bila shauri la avoka, anatupa feza yake. Waliofika kwa Gateway hawaguswi na jambo hilo, kwa kuwa waliletwa kwa ndege na kwa ruhusa.

Njia tatu baada ya barua

Kwanza: kuomba waangalie tena. Kwa kawaida hakuna kukata rufaa mbele ya mahakama kwa uraia uliokataliwa. Lakini kuna fomu inayoitwa NR, ya kuomba wizara irudie kuangalia uamuzi wake. Inalipiwa, ingawa kwa bei ndogo kuliko ombi jipya. Inafaa pale wizara yenyewe ilikosea: walihesabu siku vibaya, walitumia sheria isiyofaa, ao hawakuangalia karatasi uliyotuma. Haifai kama walikuwa na haki siku ile na wewe umerekebisha mambo kisha. Kwa hilo ni ombi jipya.

Pili: mahakama kuu. Mtu anaweza kuomba jaji aangalie kama uamuzi ulifuata sheria. Ni sherti afanye haraka, na kwa England na Wales isipite miezi 3. Avoka anaandika kwanza barua ya kuonya wizara, na mara zingine mambo yanaishia pale. Jaji hatoi uraia. Akiona uamuzi ulikosa haki, anaurudisha kwa wizara uamuliwe upya. Mfano unaojulikana ni wa ndugu wawili Mohamed na Ali Fayed, wafanyabiashara wazaliwa wa Misri. Mohamed ndiye alikuwa mwenye duka kubwa la Harrods, London. Walikataliwa bila kuelezwa sababu, na mwaka wa 1996 mahakama ilisema kwamba wizara ilipaswa kuwaambia mambo yaliyoitia shaka ili waweze kujibu. Ushindi huo ulisaidia watu wengi waliokuja nyuma. Lakini Mohamed Al Fayed alikufa mwaka wa 2023 bila kupata uraia ule. Mahakama ilimpa haki ya kusikilizwa, haikumpa paspoti.

Tatu: kuomba upya. Hii ndiyo njia ya wengi. Ombi jipya linaanza na tarehe mpya, hesabu mpya ya siku na malipo mapya.

Kutengeneza ombi la pili

Ndugu yako asifikiri kwamba wamemsahau. Dosie ya kwanza ingali kule, na afisa wa pili ataifungua. Kila jibu jipya litalinganishwa na la zamani. Kwa hiyo:

Atangaze kwamba alikataliwa mbele. Kuficha hilo ni uongo mpya.

Aandike barua fupi ya kueleza: walinikataa tarehe fulani, kwa sababu fulani, na leo jambo lile liko namna hii. Kisha aweke karatasi inayoonyesha. Kama ilikuwa siku, aweke orodha ya safari zote na tarehe. Kama ilikuwa kodi, aweke barua ya ofisi ya kodi kwamba deni limelipwa.

Ahesabu upya miaka 5 kuanzia tarehe ya ombi jipya. Safari aliyofanya baada ya kukataliwa, kwa huzuni ao kwa kujipumzisha, inaweza kumharibia.

Aangalie mashahidi wake wawili. Ni sherti wawe wamemjua miaka 3 ao zaidi. Mmoja awe mtu wa kazi inayoheshimiwa, kama mwalimu ao pasta. Mwingine kwa kawaida awe na paspoti ya Uingereza, mwenye miaka zaidi ya 25 ao mwenye kazi kama ile. Wasiwe wa familia yake, wala wao kwa wao wasiwe ndugu, wala avoka wake. Wengi wetu tunaita "ndugu" mtu wa kijiji kimoja. Hilo halikatazwi, kama hakuna ukoo wa kweli.

Asikose barua. Wizara ikiomba habari zaidi na mtu amehama nyumba ao amebadili email, hakuna jibu, na dosie inaanguka. Kwa kawaida uamuzi unatoka ndani ya miezi 6. Katika muda ule, aangalie email yake kila siku.

Atafute shauri kwa mtu anayeruhusiwa. Kule Uingereza, kutoa shauri la uhamiaji bila kuandikishwa ni kosa la jinai, hata kama ni pasta, muzee wa jamii ao rafiki mwenye kompyuta. Mtoa shauri ni sherti awe avoka anayetambuliwa, ao awe kwenye orodha ya mamlaka ya serikali inayosimamia kazi hiyo. Orodha hiyo iko kwenye intaneti, na kuitazama ni bure.

Majina na tarehe za kuzaliwa

Wakongomani tuko na jina, postnom na prénom. Kule wanajua jina la kwanza na jina la ukoo. Baba anaitwa hivi, mtoto wake jina lingine kabisa, na afisa anajiuliza kama ni mtoto wake kweli. Tena wengi waliandikishwa kambini na tarehe ya 1 Januari kwa kuwa hakuna aliyejua siku.

Tofauti hizo siyo uongo, lakini zikiachwa bila maelezo zinafanana na uongo. Mtu aeleze mwenyewe mbele ya kuulizwa: jina hili liliandikwa namna hii kambini, na namna hii shuleni. Asijaribu "kurekebisha" tarehe ya kuzaliwa kwa kutumia karatasi mpya kutoka Kongo bila kuzungumza kwanza na avoka. Karatasi mpya inayopingana na dosie ya miaka 15 inaleta maswali kuliko majibu.

Watoto

Mtoto aliyezaliwa Uingereza wakati mzazi mmoja alikuwa tayari na ruhusa ya kukaa bila mwisho, ni raia tangu siku ya kuzaliwa. Kukataliwa kwa mama ao baba hakumgusi. Mtoto aliyezaliwa kule mbele ya hapo, akifikisha miaka 10 akiwa ameishi kule, ana haki yake mwenyewe. Yule aliyezaliwa hapa ao kambini anaombewa kwa fomu yake, na pale mzazi akikataliwa, ombi la mtoto nalo linaweza kuanguka. Kwa mtoto, tofauti na mtu mzima, familia isiyo na uwezo inaweza kuomba kusamehewa malipo.

Mbele ya kuomba tena: je, anautaka kweli?

Hili ni swali ambalo familia chache zinazungumza. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 10, inasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Sheria ya 12 Novemba 2004 juu ya uraia inasema kwamba Mkongomani anayepata uraia mwingine anapoteza ule wa Kongo. Uingereza yenyewe inakubali uraia mbili, lakini Kongo haikubali. Siku ndugu yako anaapa kule, mbele ya sheria ya hapa anakuwa mugeni. Ataingia Kongo kwa viza. Akitaka kurudi kuwa Mkongomani, sheria ile ile ina njia ya kuomba kurudishiwa.

Kwa upande mwingine, paspoti ile inamfungulia njia ya kuja kuona wazazi, jambo ambalo mkimbizi hawezi. Kila mtu apime.

Na kuna jambo la kuleta familia. Mkimbizi alikuwa na njia ya kuita bibi, bwana na watoto wadogo aliowaacha, bila kuulizwa mshahara. Akiwa raia, njia ile inafungwa kwake, na kuita bibi ao bwana kunaombwa mapato ya paundi 29.000 kwa mwaka, kwa sheria iliyoanza Aprili 2024. Tangu 4 Septemba 2025, Uingereza ilisimamisha maombi mapya ya njia ya wakimbizi. Kama ndugu yako ana bibi ao watoto hapa, aulize avoka kuhusu hilo mbele ya kulipa ombi la pili.

Sisi tulio hapa tufanye nini

Tusitume karatasi ya uongo. Hili tunalisema kwa nguvu. Cheti cha kuzaliwa kilichonunuliwa sokoni, jugement supplétif yenye jina la tribinali lakini bila dosie yoyote kwa grefie, barua ya shefu wa mtaa aliyoiweka sahihi bila kujua mtu: vyote vinaweza kumwangusha yule unayetaka kumsaidia. Hata baada ya kupata uraia, sheria ya Uingereza inaruhusu kumnyang'anya mtu uraia alioupata kwa udanganyifu, hata kama miaka mingi imepita. Karatasi ya dola 30 inaweza kumtoa mtu katika kazi na nyumba yake.

Kama karatasi ya kweli inahitajika, ipitie ofisi inayostahili, na mtunze risiti. Kwa vita iliyofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, kupata karatasi za serikali katika miji hiyo imekuwa vigumu. Kama haipatikani, ni afadhali kueleza juu ya nini haipatikani kuliko kutengeneza nyingine.

Tusilipe mtu yeyote hapa anayesema ana "ligne" kwa ambasade ya Uingereza. Uraia hauamuliwi Kinshasa wala Kigali. Hakuna mtu wa hapa anayeweza kusukuma dosie ile.

Mwisho, tupunguze maneno. Ndugu aliyekataliwa anaona haya, na wengine wanaacha hata kupokea simu. Badala ya kumuuliza kila wiki paspoti imefika wapi, tumuulize barua ilisema sababu gani, na kama amekwisha kuonana na avoka. Na akisema mwaka huu hawezi kuja, kwa kuwa anahesabu siku zake, tujue anasema kweli. Hata kama ni harusi. Siku 90 za mwaka ule zinaweza kumgharimu uraia, na familia inaweza kumsaidia kuzilinda.